Kwa wanaoanza kutumia uelekezi wa picha katika upandikizaji wa koklea

Daktari au fundi anayejiunga na timu ya upandikizaji wa koklea (kuingiza elektrodi, yaani uzi wa kuchochea neva ya kusikia, ndani ya koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio) hapa Nairobi huvutiwa kwanza na skrini, ambapo ncha ya kifaa huonekana ikitembea ndani ya skani ya CT ya mgonjwa. Ni vyema aelewe mapema kwamba skani hiyo ilipigwa kabla ya upasuaji, na kwamba kompyuta haioni mfupa uliochimbwa tangu hapo. Inachofanya ni kukokotoa mahali ilipo ncha kwa kulinganisha alama chache zilizowekwa kichwani na alama hizo hizo katika picha. Ulinganishaji ukipotoka, skrini huendelea kuonyesha picha safi isiyo ya kweli.

Udogo wa sikio ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito. Ili kulifikia dirisha la duara, yaani kitundu cha kuingilia koklea, mpasuaji huchimba mfupa wa nyuma ya sikio, kisha hupita kati ya neva ya uso na tawi lake linalobeba ladha ya ulimi, katika nafasi ambayo kwa kawaida haina upana unaozidi milimita chache. Kosa la milimita 2, ambalo mpasuaji wa pua huenda akalivumilia, hapa linaweza kumwacha mgonjwa na uso uliopooza upande mmoja. Kwa hiyo wanaobuni mifumo ya sikio hulenga kosa lisilozidi nusu milimita. Alama za kubandikwa kwenye ngozi hazifikii kiwango hicho, kwa kuwa ngozi husogea. Skrubu ndogo zilizofungwa mfupani ni bora zaidi, ingawa kwa mtoto mchanga, mwenye fuvu jembamba, urefu wa skrubu hujadiliwa kwanza na mpasuaji.

Kazi yenyewe huanzia kwenye fomu ya kuomba picha. Fomu iliyoandikwa "skani ya kichwa" pekee inaweza kurudi na vipande vya unene wa milimita 5, ambavyo havifai kabisa. Andika kwamba unataka mfupa wa panja, yaani mfupa wa fuvu unaobeba sikio, vipande vya takriban milimita 0.6 au vyembamba zaidi, na alama zote zionekane. Mzazi aliyemleta mtoto kutoka Garissa au Lodwar hastahili kurudishwa kwenye foleni kwa sababu ya mstari mmoja uliosahaulika.

Baada ya ulinganishaji, mashine hutoa tarakimu ya kosa, na wengi huiamini kupita kiasi. Tarakimu hiyo hueleza jinsi alama zilivyokubaliana zenyewe kwa zenyewe; haielezi kosa lililopo kwenye neva, na J. Michael Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alionyesha kihisabati mwaka 2009 kwamba makosa hayo mawili hayafuatani. Tarakimu ndogo yaweza kuficha kosa kubwa, hasa alama zikiwa zimerundikana upande mmoja badala ya kulizunguka eneo linalolengwa. Gusa kwa ncha sehemu usizoweza kuzikosea, kama vile kifupa cha fuawe cha sikio la kati au mfereji wa nusu duara wa pembeni wa sikio la ndani, utazame iwapo skrini inakubali. Rudia kila mara fremu iliyofungwa kichwani, ambayo mashine huitumia kufuatilia kichwa, inapogongwa, au umeme unapokatika na mashine kuwashwa upya.

Upasuaji mwingi wa kawaida hufanyika vizuri bila uelekezi, na sioni aibu katika hilo. Faida yake hudhihirika pale koklea ilipoumbika vibaya, au ilipojaa mfupa baada ya homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu unaweza kuanza kuiziba koklea ndani ya majuma machache, hivyo skani ya miezi iliyopita yaweza kumwelekeza mpasuaji kwenye njia isiyokuwapo tena. Omba mpya, pamoja na MRI ya kuonyesha kama majimaji bado yamo. Kifaa cha kufuatilia neva ya uso nacho kiwepo, skrini iseme itakavyo.

Uelekezi pia hauonyeshi elektrodi inavyolala ndani ya koklea. Hilo hukaguliwa kwa vipimo vya mwitikio wa neva na kwa eksirei inayopigwa mgonjwa akiwa bado mezani, maana ncha iliyojikunja hurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla ya jeraha kufungwa.