Ndege wa Mida hawafukuzwi

Ndege wa hori ya Mida walikuwa mbali kama nukta. Ninunue lenzi ya kamera ya milimita 600? (Kisauni)
Weka pesa zako kwanza. Ulikwenda saa ngapi? Hukusema, na barua hizi zinakuja kila wiki bila saa. Maji yakipwa, ndege hutawanyika matopeni kula, na hakuna lenzi ya kuwaleta. Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji ya pwani yetu hujaa alasiri, jua limeshalegea. Fika saa nane, keti kando ya mikoko, nyamaza. Maji yakipanda, ndege husogea wenyewe mpaka fungu la mwisho la mchanga. Hivyo ndivyo nilivyomwona mla-kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, akimkung'uta kaa hadi miguu ikakatika, kisha akameza kiwiliwili. Sikuinua hata kiwiko.

Na msiwatimue ili mpate picha ya kundi angani! Machi na Aprili wanajaza mafuta ya safari ya kwenda kuzaa, wengine mpaka Siberia. Kila wakiinuka bure, akiba hiyo inaungua.

Naweza kurusha droni juu ya mikoko ya Tudor? (Tudor)
Bila kibali, hapana. Na ukiwa nacho, si juu ya viota: yangeyange akiruka, kunguru wako pale pale wakingoja mayai.

Popo wa mapango ya Shimoni wanataka flashi ya nguvu gani? (Likoni)
Hawataki flashi. Subiri nje wakati wa magharibi, wapige picha wakitoka. Tena mapango mengi ya mawe haya ya matumbawe ni mizimu ya wenyeji, pahali pao pa matambiko. Waombe wazee ruhusa kabla ya kutoa kamera mkobani.

Haller Park ni wanyama wa kuletwa tu. Kuna cha kupiga? (Mtwapa)
Kipo, ila mnatembea mmeinua vichwa mkitafuta twiga. Pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya chokaa, jeupe, bila udongo. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti, na mivinje ikashika. Lakini majani yake yalilala chini bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayatafuna yakawa udongo. Piga magoti chini ya mvinje baada ya mvua, lenzi karibu na ardhi, umngoje jongoo apite juu ya yale majani membamba.