Tunafungua mzinga hata kama hakuna cha kurina

Ndugu Mhariri,

Juma hili mmetuuliza wasomaji: "Je, mtaani kwenu kuna kikundi kinachofundisha watu kazi bila karo, na anayejiunga hujifunza nini hasa?" Kwetu kipo. Ni kikundi cha wafuga nyuki hapa Kakuyuni, Malindi, upande wa kuelekea msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanachama wengine hutoka Jilore, wengine Msabaha. Hukutana Jumamosi alasiri, jua likishapoa.

Mimi ni fundi cherehani. Nyuki hawakunivutia kabisa. Kilichonileta ni kazi, kwa sababu kikundi kilitafuta mtu wa kuwashonea suti kwa bei nafuu kuliko za dukani. Kumbe nayo ni elimu. Kitambaa kiwe cheupe au rangi ya maziwa, maana nyuki huviona vitu vyeusi na vyenye manyoya kuwa adui. Lakini wavu wa usoni uwe mweusi, kwani mweupe humeta juani na mvaaji haoni anachokishika. Vifundo vya mikono na miguu vitiwe mpira, na suti iwe pana, isigande mwilini, kwa kuwa palipobana ndipo mwiba unapopenyea. Baada ya kushona nikaambiwa, "Dada, fundi hujaribu kazi yake mwenyewe." Basi nikaivaa, na tangu hapo nimo.

Sasa nijibu swali lenu. Watu wengi hudhani kikundi cha nyuki ni kikundi cha asali. Wageni huja na chupa mfukoni. Wakiona tumefungua mzinga, tukatazama, tukaandika daftarini, tukafunga bila kutoa hata tone, hukasirika. Mmoja alituambia waziwazi kwamba tunachezea wadudu. Lakini somo lenyewe ndilo hilo: kuufungua mzinga wakati hakuna cha kurina, na kuufunga nyuki wakiwa hawajachafuka. Kurina hata mwizi wa usiku anarina.

Ukaguzi wenyewe huenda hivi. Bomba la moshi tunalijaza makumbi ya nazi, hapa kwetu hayana gharama, na moshi wake hutoka polepole tena hauchomi. Moshi hufanya kazi mbili. Kwanza, nyuki hudhani kuna moto, wakakimbilia kujaza asali matumboni tayari kwa safari, na nyuki aliyeshiba hana haraka ya kuuma. Pili, huziba harufu ya hatari. Nyuki akiuma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na wenzake wakiinusa huja palepale ulipoumwa. Ndiyo maana mwenyekiti wetu humrudisha nyumbani yeyote aliyekula ndizi kabla ya kuja. Wengine husema anatia chumvi. Mimi siku za ukaguzi sili ndizi.

Mizinga yetu mingi ni ile ya Kenya ya fito za juu, iliyobuniwa miaka ya 1970: sanduku lenye ubavu ulioinama, na juu yake fito zimepangwa zikigusana. Unainua ufito mmoja na sega lake linaning'inia. Hapo ndipo darasa. Ukiona yai moja moja kitakoni mwa kila tundu la sega, malkia yupo, hata kama hukumwona kwa macho. Ukiona mayai mawili matatu katika tundu moja, tena yamebandikwa ubavuni, jua malkia hayupo kitambo na vibarua, yaani nyuki watenda kazi, wameanza kutaga wenyewe. Mayai yao hayatoi ila madume. Majana, yaani watoto wa nyuki, meupe yaliyojikunja yakiwa yanang'aa, yanalishwa vizuri. Yakiwa yamekauka au yana harufu, kuna jambo.

Halafu kuna hesabu za siku. Malkia hutoka katika chumba chake yapata siku ya 16 tangu yai litagwe, kibarua yapata siku ya 21, dume yapata siku ya 24. Mama mmoja kikundini, ambaye shule aliiacha mapema, anazijua hesabu hizi kuliko sisi wote. Akikuta chumba cha malkia kinaning'inia ukingoni mwa sega, kimekaa kama ganda la karanga, anakwambia juma gani bumba, yaani kundi la nyuki linalogawanyika, litatoka na mzinga upi mtupu uandaliwe. Mara nyingi husema kweli.

Nyuki wetu wa pwani ni wadogo, na ni wepesi kuhama. Hapa lazima mtu atofautishe. Kuna kugawanyika, ambako nusu huondoka na malkia wa zamani, na hiyo ni dalili ya neema. Na kuna kuhama kabisa, mzinga mzima, kwa sababu ya njaa, joto, siafu au usumbufu. Asiyejua tofauti hiyo atasema amerogwa. Dawa ya mengi ni ndogo: kivuli, beseni la maji lenye vijiti vya nyuki kutua wasizame, na grisi kwenye nyaya zinazoshikilia mzinga ili siafu wasipite. Nyegere, mnyama avunjaye mizinga kula asali, ni habari nyingine. Kwa nyegere, ninginiza mzinga mbali na shina na umwombe Mungu.

Jambo moja sisi wanawake hatulisahau. Mizinga ya magogo ya wazee wetu huwekwa juu mitini, na mrina asali hupanda usiku na kijinga cha moto. Ilikuwa kazi ya wanaume, na sababu haikuwa mwiko tu. Ni ule mti wenyewe. Mzinga wa fito huning'inizwa usawa wa kiuno. Basi. Hakuna semina ya usawa wa jinsia iliyotufikisha mbali kama urefu wa waya ule. Msitu nao ulipata nafuu, maana kijinga kikianguka kwenye majani makavu hakijui mipaka, na Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ndio msitu mkubwa wa pwani uliosalia Afrika Mashariki.

Useremala pia tunafundishana. Ufito lazima uwe na upana wa milimita 32, si 30 wala 35. Huo ndio mwachano ambao nyuki wa Kiafrika huuacha wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya lingine. Ukikosea, hujenga mshazari, sega moja likashika fito tatu, na siku ya ukaguzi unararua nyumba nzima. Vijana wetu wa karakana walidharau kipimo hiki mpaka walipouona mzinga wa namna hiyo ukifunguliwa. Sasa wanakitetea kuliko sisi.

Katika daftari hatuandiki nyuki peke yao. Tunaandika maua. Mnazi hutoa maua mwaka mzima, kwa hiyo ndio akiba yetu ya chavua. Mikanju na miembe huchanua baada ya masika, na hapo mizinga huanza kuwa mizito. Tulipowatembelea wenzetu wa Mida tulikuta mizinga yao imo kwenye mikoko, nyuki wakifuata mbochi, yaani maji matamu ya maua, wa mchu, aina mojawapo ya mkoko, na mpango wao wa mwaka haulingani na wetu hata kidogo. Kwa sababu hiyo hatumkubalii mtu anayekuja na kalenda ya kurina aliyoinakili Kitui, huko bara. Daftari hilohilo limetupatanisha na wenye miembe. Tunajua lini miti inachanua, tunakwenda kuwaomba wasinyunyizie dawa ya wadudu mchana. Wakilazimika, wanyunyizie jioni nyuki wakisharudi. Wapo wanaosikia, wapo wanaotufukuza.

Asali? Haya, asali. Sega hukatwa likiwa limefunikwa kwa nta, angalau robo tatu yake, kwa sababu asali isiyofunikwa bado ina maji mengi na itachacha. Kikundi kina kifaa kidogo cha kupimia: maji yakizidi asilimia 20 haiendi sokoni. Hichi kifaa kimeua biashara ya kiberiti. Nyote mnaujua mchezo ule: chovya njiti ndani ya asali, iwashe, ikiwaka ni safi. Tuliwasha mbele ya watu njiti iliyochovywa kwenye sukari iliyochemshwa ikawa nzito, ikawaka vizuri. Na asali ikiganda chupani si kwamba imetiwa sukari. Yaache maji ya vuguvugu yafanye kazi yake.

Tulipofundishwa kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwani huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi, bibi zetu waliinuka. Wameramba asali tangu kuzaliwa, na Qur'ani katika Sura ya An-Nahl inasema ndani yake mna ponyo kwa watu. Muuguzi aliyetutembelea hakubishana na Qur'ani. Aliwaambia tu, ponyo lingoje mwaka. Bibi yangu bado hajamsamehe.

Watoto tunawaweka kwa nyuki wadogo wasiouma, wale wanaojenga ndani ya matundu ya miti na kuweka mrija wa nta mlangoni. Asali yao ni kidogo na ina uchachu, watu huinunua kwa ajili ya kikohozi. Mtoto anaweza kukaa nao karibu, akahesabu wanaoingia na chavua miguuni. Nionavyo mimi, hili ndilo darasa letu bora, na tunalitengea muda mchache mno.

Hatukosi manung'uniko. Suti hazitoshi, hivyo wageni hungoja zamu. Mashine ya kukamulia ni moja, na kila msimu watu hugombania nani aanze. Kuna wanaotaka anayejifunza alipe kiingilio, na kuna sisi tunaosema tukianza kutoza, wa kwanza kukosekana watakuwa akina mama wale wanaojua kuhesabu siku za malkia. Mjadala haujaisha, kikao kijacho tutapiga kura.

Kwa wasomaji wa karibu wanaotaka kuja kabla miembe haijachanua: vaeni viatu vya kufunika, msijipulizie manukato, na kama umewahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili au ukakosa pumzi, pitia kwanza kwa daktari. Suti nyingine mbili ziko mezani kwangu, bado wavu.

Msomaji wenu,
Kakuyuni, Malindi