Re: Sigiri yetu inakula makaa kidogo lakini akina mama hawaitaki

Ndugu nimekuelewa, mmewapa akina mama wa hapo Katwe, Kampala, sigiri mpya na wao wamerudia zile za zamani. Usiwaitie semina bana, wao ndio wanajua. Leteni bati chakavu na udongo mtengeneze pamoja nao, afu mama mmoja asonge posho (ugali) juu yake nyinyi mkiangalia miguu ya sigiri tu, ikicheza anapokandamiza mwiko basi hiyo imekufa na kwa heshima yake hatakwambia. Matoke nayo inataka moto mdogo masaa mengi, mlango wa hewa usipofunga vizuri ataupunguzaje? Halafu nani aliwaambia sigiri ibebe sufuria ya watu wanne tu, wageni wakija wale wapi? Hapo ndo utaona anachokithamini, si kwenye makaratasi ya maswali.

Kukata bati vaeni glavu. Na msijaribu kuwasha ndani kumefungwa, hewa ya makaa haina harufu na inaua, mtu akisikia kizunguzungu mtoeni nje na hospitali haraka.

Kabla ya kuuza nendeni CREEC, kituo cha utafiti wa nishati pale Chuo Kikuu cha Makerere, wanapima majiko.