Jicho la ukaguzi limekufuata hadi nyumbani

Dada, umesema wewe ni mkaguzi wa hesabu, na mumeo amechoka kukaguliwa. Juzi hata vyombo alivyoosha ulivirudisha kwenye karai mbele yake. Nakuelewa. Mimi nilikuwa mhariri, na siku moja binti yangu aliniletea kadi aliyoiandika mwenyewe, nikaanza na herufi aliyoiruka. Uso wake ulivyoshuka! (Kadi ninayo bado.)

Kazini unalipwa kuona kasoro, kwa hiyo jicho halizimiki lenyewe ukivua viatu. Kabla ya kufungua mdomo, jiulize: nimeombwa maoni? Kama hukuombwa, nyamaza. Sufuria ikibaki na mafuta, isugue baadaye kimyakimya. Na kwa hilo la juzi mwombe mumeo radhi, bila kuongeza “lakini”.