Hamisha pesa ya kustaafu kabla hujarudi Unguja

Ndugu zetu walioko Marekani wakianza kupanga kurudi Zanzibar, mazungumzo huwa ni kiwanja, saruji na kontena. Ile 401(k), yaani akaunti ya kustaafu ya kazini, iliyobaki kwa mwajiri wa zamani hukumbukwa wakishafika Fuoni, na hapo kazi imeshakuwa ngumu.

Mimi niliipeleka yangu kwenye IRA, yaani akaunti ya kustaafu unayoifungua mwenyewe, ya kampuni nyengine nikiwa bado nina anuani ya kule. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Kampuni nyingi za uwekezaji za Marekani hazimfungulii akaunti mtu anayeishi nje, na fomu inataka mtaa na nambari ya nyumba, S.L.P. peke yake haikubaliwi. Halafu kuna zile nambari za siri zinazotumwa kwa simu. Laini ya Marekani ukishaiacha ikafa, utajikuta umefungiwa nje ya pesa yako mwenyewe.

Usianze na kampuni ya zamani inayoshika 401(k) yako, ambayo haina haraka ya kukuacha. Ipigie mpya, iambie unataka kuhamisha moja kwa moja, na uombe mfanyakazi wao abaki kwenye simu mkizungumza na wale wa zamani. Hakikisha pia aina ya akaunti inalingana: pesa ambayo haijakatwa kodi iende kwenye IRA ya kawaida, ya Roth, yaani iliyokwishakatwa kodi, iende Roth.

Neno "moja kwa moja" ndilo lenye uzito. Hundi inaweza hata kuja nyumbani kwako, hakuna tatizo, maadamu imeandikwa jina la kampuni mpya kwa faida yako. Ikiandikwa jina lako tu, mwajiri lazima akate asilimia 20 ya kodi. Tuseme una dola 50,000: utapokea 40,000, na una siku 60 za kuweka 50,000 kamili. Zile 10,000 utazitoa wapi? Ukishindwa, zinahesabiwa kuwa ni mapato, zinatozwa kodi, na kama hujafika miaka 59 na nusu kwa kawaida inaongezwa adhabu ya asilimia 10. Mwenye shida ya nyumba isiyoezekwa akishika hundi ya namna hiyo, siku 60 hupita hivi hivi.

Kwa sisi Waislamu kuhama kuna faida nyengine. Mipango mingi ya waajiri haina chaguo la halali, na pesa huishia kwenye mifuko yenye hatifungani za riba. Kwenye IRA unachagua mwenyewe, na ipo mifuko inayofuata sharia, kama ile ya Amana iliyoanza 1986.

Warithi uliowaandika kwenye akaunti ya zamani hawahami na pesa. Lazima uwaandike upya, na hapa ndipo nimeona watu wakizembea kupita kiasi. Ukifa, kampuni ya IRA kwa kawaida inamlipa aliyetajwa kwenye fomu. Haitasubiri hukumu ya Kadhi. Kama umemuandika kaka yako tangu zama za ujana, basi ni kaka, na mke na watoto watabaki kumuomba. Fomu inaruhusu asilimia, kwa hiyo kaa na mtu anayeijua mirathi: thumni ya mke mwenye watoto, yaani moja ya nane, kwa mfano, ni asilimia 12.5.

Kwa asiye raia, jua pia kwamba baina ya Marekani na Tanzania hakuna mkataba wa kodi. Ukishahesabiwa kuwa si mkaazi wa kule, kila utakachotoa kwa kawaida hukatwa asilimia 30. Kwa hiyo kabla ya kurejesha kadi ya ukaazi, zungumza na mtaalamu wa kodi.

Mwaka unaofuata itakuja fomu 1099-R, ile ya kodi inayoonyesha pesa iliyotoka, kutoka kampuni ya zamani. Hata kama hudaiwi kitu, uhamisho huo unaandikwa kwenye ritani ya kodi. Omba uipate kwa intaneti, maana ikienda kwa posta itafika kwenye nyumba uliyokwishahama.