Zima hiyo oveni kwanza

Mleta uzi, usiguse kitu. Umesema umetoa nanoselulosi (fimbo ndogo mno za selulosi, zinazopimwa kwa nanomita) kwenye nyuzi za mkonge, unataka uikaushe kwa nyuzijoto 105, uisage, uichanganye na epoksi (gundi ya plastiki inayogandishwa kwa dawa), halafu tukushauri kati ya hadubini mbili za elektroni, SEM (inayopiga picha uso wa kitu) na TEM (inayopitisha elektroni ndani ya sampuli nyembamba), ipi itakuonyesha fimbo zimesambaaje. Hazitasambaa, mkuu. Nakwambia kabla hujalipa.

Nilifanya hivyo hivyo. Miezi minne nahangaika na asidi ya salfuriki ya asilimia 64, naosha, nazungusha kwenye sentrifuji, hadi nikapata uji mweupe safi. Fundi wa maabara akaniambia, "Weka ovenini, selulosi ni selulosi." Nikamwamini kwa sababu ana koti jeupe. Na mimi nilikuwa nimevaa langu, kwa hiyo sijui nani alimwingiza mwenzake mjini.

Maji yakitoka yanazivuta zile fimbo zigusane, kisha haidroksili (vikundi vya oksijeni na haidrojeni vilivyo juu ya fimbo) za huku na za kule zinashikana kwa vifungo vya haidrojeni. Hiyo ni ndoa ya Kikatoliki. Saga, tikisa kwa mawimbi ya sauti, haziachani. Fimbo zangu za upana wa nanomita 5 hadi 20 ziligeuka madonge ya maikromita 40! Kipande cha epoksi nilichokichanganya nazo kikavunjika upesi kuliko epoksi tupu. Yaani miezi minne nilikuwa nadhoofisha gundi.

Na SEM haikuniokoa. Nilikipaka dhahabu kile kipande, nikalipia saa mbili kwa hela ya kodi ya chumba. Nilipokuza sana nikaona vitone vidogo vimeenea kotekote. Nikashangilia, nikaandika sura nzima. Mtahini akauliza kwa upole, "Epoksi tupu uliipiga picha?" Nikaipiga. Vitone vile vile. Ilikuwa dhahabu niliyoipaka mwenyewe. Hadi leo washkaji wananiita Sonara.

Usiikaushe. Ibaki kwenye maji, kisha badilisha maji kwa ethanoli, ethanoli kwa asetoni, ndipo uingize kwenye epoksi, na asetoni uifukuze yote kabla ya kutia dawa ya kugandisha. Anayekwambia ukaushe kwa baridi (kugandisha barafu kisha kuitoa barafu hiyo kama mvuke), mwulize kama yuko tayari kulipia picha, maana nako zinaweza kubandikana vipande kama karatasi.

Kwa TEM, zimua ule uji, tone moja tu linatosha.

Oveni umeshazima?