Usijenge mpaka jukwaani, msubirishe mtu

Mara ya kwanza kuongoza mchezo wenye mpaka ndani yake, nilijenga geti. Lilikuwa geti hasa, la mabomba, lenye kizuizi cha kupanda na kushuka, na seng'enge kutoka ukingo mmoja wa jukwaa hadi wa pili. Mafundi walilihangaikia wiki mbili. Usiku wa onyesho la kwanza nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi, nikawa natazama watu badala ya kutazama mchezo. Kizuizi kilipopanda, macho yote yalipanda nacho. Mama aliyekuwa akivuka na mtoto mgongoni, ambaye mchezo mzima ulikuwa wake, akapita chini yake kama upepo.

Siku ya tatu kamba ya kizuizi ilikatika. Mwigizaji aliyecheza askari wa mpakani hakubabaika. Alichukua pasipoti ya yule mama, akaifungua, akapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Mama akahamishia uzito wake mguu wa pili. Akampandisha mtoto mgongoni. Askari akatazama picha, akamtazama mama, akatazama picha tena. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia karatasi zikigeuzwa. Mpaka ambao mabomba na seng'enge vilishindwa kuuonyesha kwa siku mbili, ulionekana hapo.

Kwa hiyo, ukiandaa mchezo wa namna hii, anza na kusubiri. Mpaka jukwaani ni mtu mwenye uwezo wa kukataa, na mwingine asiye na budi kungoja jibu lake. Hao wawili wakikaa sawasawa, chaki sakafuni inatosha. Usimfanye askari mkali. Waigizaji wengi hukimbilia kufoka, na sauti ikishapanda hadhira hutulia, maana sasa imejua adui ni nani. Mpe askari kazi: anatafuta wino wa mhuri, anamalizia kuandika jambo lisilohusiana na msafiri. Kisha, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, pitisha mtu mwingine asiyesimamishwa. Apite tu, akisalimiwa kwa jina. Hadhira itauelewa mpaka wote kwa hatua zake tano.

Safari ni jambo jingine, na hapo wazee wa sanaa hii walishatufundisha zamani. Katika Noh, maigizo ya jadi ya Japani, msafiri huingia, hujitaja, husema anakokwenda, hupiga hatua chache na kutangaza kwamba amefika. Hakuna anayemwuliza njia ilikuwa ndefu kiasi gani. Katika opera ya jadi ya China, mjeledi wenye vishada ndio farasi, na kuzunguka jukwaa ni kumaliza mwendo mrefu. Kuna kipande cha mashua ninachopenda kukitumia mazoezini: mmoja anasimama mbele, mwingine nyuma na kasia, mmoja akiinuka mwenzake anashuka, na maji yanaonekana bila tone kumwagika. Wajaribishe waigizaji wako. Itachukua siku kadhaa kabla miili haijakubaliana, lakini wakishakubaliana, mtazamaji anayaona mawimbi.

Ukishamwonyesha maji, yaheshimu. Tulikuwa na mto wa kufikirika katikati ya jukwaa, na mwigizaji mmoja aliyechelewa zamu yake akakatiza humo kwa mbio. Mtoto aliyekaa safu ya mbele akapiga kelele, "Atazama!" Yule mtoto alikuwa ameuamini mto kuliko sisi tuliouweka. Tangu hapo, kila zoezi langu huanza kwa kila mmoja kutembea kimya na kuonyesha mlango uko wapi, mto uko wapi, mji uko upande gani. Mmoja akikosea, tunarudia wote.

Na mizigo iwe mizito kweli. Begi tupu hujulikana hata kutoka kiti cha mwisho, kwa sababu bega halidanganyi. Nalijaza mchanga, halafu kadiri safari inavyoendelea naupunguza, bila neno lolote kusemwa kuhusu vilivyoachwa njiani. Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, alilijua hili. Onyesho la Berlin la mwaka 1949 la tamthilia yake Mama Courage, kuhusu mama mfanyabiashara, linaanza gari la mama huyo likivutwa na wanawe wawili. Mwishoni Helene Weigel, anayemwigiza mama huyo, analivuta peke yake kwenye jukwaa linalozunguka, anatembea na kutembea huku mahali ni palepale. Watoto wake wote watatu wameshakufa, na unaiona hesabu hiyo katika mgongo wake.

Mpaka mgumu kuliko yote kuuonyesha ni wa lugha. Waongozaji wengi humpa mgeni lafudhi mbovu, naye anageuka kichekesho. Mimi nilifanya hivyo pia, na najuta, kwa sababu mhusika wangu alikuwa mwalimu mwenye maneno mengi na mazito kwao, nami nikamgeuza mjinga mbele ya mamia ya watu. Angalia alichofanya mwandishi Brian Friel mwaka 1980 katika tamthilia yake Translations: wanakijiji wa Ireland na wanajeshi wa Uingereza, wote wanazungumza Kiingereza jukwaani, lakini tunaelewa kwamba wanakijiji wanasema Kiayalandi, na pande mbili hizo hazielewani. Mtazamaji anaelewa kila neno huku akiwatazama wahusika wakishindwa kufikiana. Mpe mgeni wako angalau onyesho moja akiwa miongoni mwa watu wake, akiongea kwa ufasaha. Akija kukwama mbele ya dirisha la ofisi baadaye, hadhira itajua ni nini kilichofungiwa ndani yake.

Baada ya onyesho moja, mzee aliyewahi kuvuka mpaka akikimbia vita alinisubiri mlangoni. Hakuusifu mchezo wala kuulaumu. Alisema tu kwamba siku ile alipovuka, yeye hakulitazama geti hata mara moja. Alitazama mikono ya askari, aone kama itaushika mhuri.

Kesho yake nilimwomba fundi taa aweke taa ndogo juu ya mikono ile, na kila kitu kingine kiwe nusu giza. Geti tulilivunja. Mabomba yake tulitengenezea benchi, na wasafiri hukaa hapo wakingoja kuitwa.